Nilimbebea Mama Jiwe Kutoka Homa Bay

Jioni, hata baada ya kunawa, mama yangu alikuwa bado anameta. Hiyo ndiyo picha yake niliyonayo tangu nikiwa darasa la pili: ameketi kwenye kigoda mlangoni kwetu Mabatini, Mwanza, jua linashuka upande wa ziwa, na mikononi mwake, kutoka viganjani hadi viwikoni, vichembe vidogo vinawaka na kuzima kila anapojigeuza. Nilidhani akina mama wote wako hivyo. Baadaye nikaja kujua kwamba ni ulanga, madini yenye maganda membamba yanayong'aa, yaliyomo ndani ya mawe ya Mwanza. Huwezi kuwa nao mikononi kama huyapondi.

Mama aliponda kokoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Vifaa vyake vilikuwa nyundo ndogo, pete ya mpira wa tairi ya kuzuia vipande visiruke, na gunia la kukalia. Aliuza kwa ndoo. Akipata mtu anayejenga, kwa tripu. Baba alikuwa upande mwingine wa kazi hiyo hiyo: yeye alichoma. Jiwe lenye ukubwa wa chumba halipasuliwi kwa nyundo. Unalipangia kuni na vipande vya tairi kuukuu mgongoni, unawasha, unaliacha na moto wake mpaka lianze kulia lenyewe, ta, ta, kama bisi zinazokaangwa nyumba ya pili. Hapo ndipo unapoingia na mtaimbo na ile nyundo ya mikono miwili, na ganda linabanduka pana kama mlango.

Sababu yake niliisoma nikiwa mtu mzima. Mwamba wetu, itale, ni mchanganyiko wa madini kadhaa, na likipata joto kila moja linatanuka kwa kiasi chake. Yanasukumana humo ndani mpaka yanaachana. Moshi wa tairi ulimharibu baba kifua, na nasema wazi kwamba sitaki kumwona mtoto wa mtu akiifanya kazi ile kwa namna ile. Lakini ule mlio nimekua nao, na ndio ulionifanya nipende mawe.

Ukiishi Mwanza utasikia maelezo ya mawe yetu yanayotembea mtaani: zamani volkano ililipuka, ikayarusha, yakatua pale yalipo, mengine moja juu ya mengine. Nami niliyaamini, tena nikayarudia kwa wageni, nikiwaonyesha Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani pale mjini, kama ushahidi. Si kweli, na ukweli wake ni mzuri zaidi. Itale ni mwamba wa moto, hilo ni sahihi, ila moto wake haukuwahi kutoka nje. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakakwama kilomita kadhaa kabla ya kufika juu, yakapoa humo humo polepole mno. Kupoa polepole kukazipa punje muda wa kukua. Ndiyo maana ukiliangalia jiwe la Mabatini kwa karibu unaziona kwa macho matupu: zile nyeupe na za rangi ya waridi, zile za kijivu kama kioo, na ulanga mweusi katikati.

Kisha ardhi iliyokuwa juu yake ikaliwa na mvua na upepo kwa muda usiohesabika, mpaka mwamba ukafika kwenye jua. Ulikuwa na nyufa, na maji yakaingia kwenye nyufa. Pembe za jiwe huoza kwanza, kwa kuwa maji yanazila kutoka pande zote. Linabaki duara. Udongo ulioachwa na ule uozo ukasombwa kwenda ziwani, na mawe yakabaki yameketi pale pale yalipozaliwa. Bismarck halikurushwa na kitu chochote. Limebaki tu, baada ya kila kilichokuwa kimelizunguka kuondoka.

Lava halisi ya zama hizo hatukuikosa kabisa: iko kwenye ile mikanda ya miamba ya kale upande wa Geita, inakochimbwa dhahabu. Lakini imekandamizwa na kupikwa upya hata mtu wa kawaida hawezi kuitambua. Mimi nilitaka kuona jiwe ambalo moto wake ulitoka nje, na nitakalolitambua bila kuambiwa.

Nafasi niliipata kwa harusi. Rafiki yangu wa chuo alikuwa anaoa kwao Homa Bay, nchini Kenya, ambako ni ziwa letu hili hili likiwa limeingia nchi kavu kwa upande wa mashariki. Basi la asubuhi kutoka Mwanza, Magu, Bunda, Tarime, mpaka Sirari. Ukivuka, matatu hadi Migori, Rongo, halafu unateremka. Harusi ilikuwa Jumamosi na ilikuwa njema. Jumatatu nikabaki peke yangu, na siku nzima mbele.

Kitu cha kwanza unachokiona Homa Bay ni Got Asego, kilima kilichochongoka kama pia iliyogeuzwa, kimesimama karibu kabisa na mji. Mtu aliyekulia Mwanza anakitambua mara moja kuwa ni kigeni. Vilima vyetu ni marundo. Hiki kina umbo moja, kinapanda pande zote kwa mteremko ule ule mpaka nchani.

Ziwa letu, kwa upana wake wote, ni sinia. Mahali pake penye kina kirefu hapapiti sana mita 80, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Liko katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na sisi wa Mwanza tumekaa juu ya kiini kigumu na kikongwe cha bara hili ambacho Bonde la Ufa lenyewe limekikwepa. Ghuba ya Winam haikukwepwa. Imelala ndani ya tawi dogo la Bonde hilo lililochepuka kuelekea magharibi, kama kidole kinachoonyesha ziwa. Huko ardhi ilivutwa ikachanika, na kilichokuwa chini kikapata pa kupitia.

Nilipanda matatu ya Kendu Bay nikaomba kiti cha dirishani upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko uliko Mlima Homa, mita 1,751 juu ya usawa wa bahari. Ni volkano iliyokwisha zimika, yenye vilele kadhaa. Sehemu ya mwamba wake inaitwa kabonatiti, na ni mwamba wa ajabu, maana volkano nyingi duniani hutema mawe ya jamii ya mchanga, ila hizi hutema mawe ya jamii ya chokaa. Sisi Watanzania tunayo ndugu yake iliyo hai. Ol Doinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron, ndiyo pekee duniani inayotema lava ya namna hiyo katika zama zetu. Inatoka nyeusi, na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka kuwa nyeupe. Abiria mwenzangu, mama mtu mzima mwenye kikapu cha omena, aliniona nimekodolea macho mlima, akauliza kama nina watu kule. Nikamwambia sina, natazama tu jiwe. Akatazama na yeye, kwa heshima, mpaka mlima ukapita.

Omena ndiyo dagaa wetu. Sato huko ni ngege, sangara ni mbuta, na ziwa lenyewe ni Nam Lolwe. Siku nzima nilikuwa nikitafsiri vitu ninavyovijua tangu utotoni.

Kutoka Kendu Bay bodaboda inakufikisha Simbi Nyaima kwa muda mfupi. Huoni kitu mpaka umefika. Unapita mashamba ya mahindi, nyumba za mabati, mbuzi waliofungwa kando ya njia, halafu ardhi inakatika mbele yako. Chini kuna ziwa la duara. Ni dogo, mtu unaweza kulizunguka kwa miguu bila kuchoka sana, na maji yake yana rangi ya kijani kibichi iliyokolea, kama mlenda uliochanganywa na maziwa. Kingo zake zimepanda pande zote. Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka. Na Nam Lolwe lenyewe, lenye maji matamu, liko karibu mno.

Pale juu nilimkuta mzee ameegemea baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema huku kwao hiyo wanaisikia redioni. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamjibu, akaanza kuniita nyar Tanzania, binti wa Tanzania, na hakuacha mpaka tulipoagana.

"Hapa palikuwa kijiji," aliniambia. "Siku hiyo walikuwa na pombe na ngoma. Akaja bibi kizee, amechoka, amenyeshewa, anaomba mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye alimkaribisha. Usiku yule bibi akamwambia yule mama, chukua watoto wako, mwite bwana yako, tokeni. Bwana akakataa, alikuwa bado anakunywa. Mama akaenda. Mvua ikanyesha usiku ule moja kwa moja. Asubuhi kijiji hakuna. Simbi Nyaima, kijiji kilichozama."

"Wote, mzee?"

"Wote, nyar Tanzania. Pamoja na ng'ombe."

Wajuzi wa miamba wana maelezo yao: hili ni shimo la mlipuko. Moto uliopanda kutoka chini ulikutana na maji yaliyokaa ardhini, maji yakageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke ukaipasua ardhi ukairusha nje. Hapajengeki mlima kwa namna hiyo. Panabaki bakuli, na bakuli linajaa maji. Niliposimama pale na yule mzee nilikuwa na maelezo yote mawili kichwani, na kuna jambo moja lililonishika. Simulizi yake inajua kwamba ziwa hili lilikuja ghafla. Maziwa ya kawaida hayana hadithi ya usiku mmoja. Hata letu kubwa, pamoja na mizimu yake yote, sijawahi kusikia mtu akisema liliingia usiku watu wakiwa ngomani.

Niliteremka mpaka kwenye maji. Ukingoni kuna ukoko mweupe, na ukichovya kidole ukaonja ni magadi kabisa, yale yale tunayotia kwenye maharage makavu ili yaive haraka. Ardhi ya volkano inayaachia maji chumvi zake, na maji yasiyo na pa kutokea yanazilimbikiza mwaka hadi mwaka. Samaki wa ziwa kubwa hawezi kuishi humo. Ule ukijani ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ndivyo chakula cha heroe, ambao wengine tunawaita flamingo tu. Walikuwa upande wa pili, kundi la kadiri, midomo chini, wanakwenda hatua kwa hatua kama watu wanaopalilia. Rangi yao yenyewe wanaitoa kwenye kile wanachokula. Nilikaa hapo kwa zaidi ya saa moja na sikupiga picha hata tano.

Mchana ulikuwa wa mbio. Nilirudi Homa Bay, nikapata Probox ya kwenda Mbita tukiwa tumebanana watu saba, nikala ngege wa kukaanga na ugali kwenye kibanda kilichoelekea maji, nikavuka daraja hadi Kisiwa cha Rusinga.

Rusinga ni kipande cha mwili wa volkano iliyokufa na kuoza. Iliitwa na wachunguzi Kisingiri, na kitovu chake kilikuwa bara, kusini, pale vilipo sasa vilima vya Rangwa. Ilikuwa kubwa. Rusinga, na Mfangano unayoiona mbele yake imesimama na kuta zake za lava, ni mabaki ya ubavu wake wa kaskazini. Karibu miaka milioni 18 iliyopita ilikuwa ikitema majivu mara kwa mara juu ya msitu. Na majivu yale, kwa kuwa yalikuwa ya ile jamii ya chokaa niliyoitaja, hayakuiozesha mifupa kama udongo wenye asidi unavyofanya. Yaliihifadhi. Si mifupa tu: matunda, mbegu, wadudu wenye miili laini, vigogo vya miti vikiwa vimesimama na mizizi yake.

Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota hapa fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, asiye na mkia, ambaye alitembea juu ya matawi kwa miguu minne. Kwa miaka mingi aliitwa Proconsul. Mwaka 2015 wale wa Rusinga walipewa jina jipya la kitaalamu, Ekembo, kutoka neno la Kisuba la kumwita sokwe. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Wasuba wako pia upande wetu, mkoani Mara, na lugha yao ni ya Kibantu kama Kisukuma chetu. Kwamba jina la mnyama huyo, popote duniani atakapotajwa, litatoka mdomoni mwa wavuvi wa ziwa hili, naona ni haki iliyochelewa.

Kijana aliyeniongoza aliniambia tangu mwanzo: tazama, gusa, usiokote. Masalia ya kale yanalindwa na sheria ya Kenya, na watu wa kisiwa wameshika hilo vizuri. Alinipeleka kwenye mteremko uliokatwa na mvua, na nikauona mwamba kwa ubavu. Uko kwa matabaka, rangi ya kijivu, hudhurungi, kijivu tena, mengine mapana kama unene wa kiganja, mengine ya urefu wa mtu. Kila tabaka lina majivu ya wakati wake. Niliweka mkono na mwamba ukamomonyoka kidogo, laini kama udongo wa mfinyanzi uliokauka.

Nilipoutoa mkono, ulikuwa unameta.

Niliusogeza karibu na uso. Vilikuwa vichembe vyeusi, bapa, vyembamba kama ganda la kitunguu, vinashika jua vikigeuzwa huku na kuachia vikigeuzwa huku. Kijana akasema, "Hayo ndiyo wanatumia kujua umri, madam." Na alikuwa sahihi. Ulanga una potasiamu ndani yake, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo inageuka pole kwa pole, kwa mwendo usiobadilika, kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado limeyeyuka gesi inatoroka. Likishapoa inafungiwa ndani ya punje. Ukipima ni kiasi gani kimefungwa, unajua moto ulizima lini. Umri wa Rusinga ulisomwa kwa njia hiyo, kwenye vichembe kama vile vilivyokuwa kiganjani mwangu, na ndivyo vile vile nilivyokuwa nikiviona mikononi mwa mama mlangoni Mabatini kabla sijajua kusoma.

Nilinawa ziwani kabla ya kuondoka. Tulipita Kamasengre, alipozikwa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyeuawa kwa risasi Nairobi mwaka 1969, bila kusimama, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na gari la mwisho la Mbita halisubiri mtu.

Asubuhi ya kuondoka nilitembea na begi langu kuelekea kituo, na kando ya barabara nikamsikia kabla ya kumwona: ka, ka, ka. Mama mmoja, gunia, nyundo, rundo la kokoto nyeusi. Nyeusi kabisa, zenye pembe kali. Nilichuchumaa nikamsalimia na kumweleza kwamba mama yangu anafanya kazi kama hii Mwanza, ila mawe yetu ni ya rangi nyingine. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kama mikono yake bado ina nguvu. Nikasema siku hizi haipondi sana. Basi akapekua rundo, akatupa moja, akatupa la pili, akanichagulia jiwe la ukubwa wa ngumi, akalifuta kwa kanga. Miongoni mwa lava za Mlima Homa kuna moja inayoitwa fonoliti, na maana ya jina hilo, kwa Kigiriki, ni jiwe linalolia. Sikumtajia. Nilimpa hela ya soda, nikasema erokamano, yaani asante, akaitikia na kurudi kwenye kazi yake.

Nilifika Mabatini usiku. Mama alilipokea jiwe kesho yake asubuhi, baada ya chai, kama anavyopokea kitu cha kupima sokoni. Alilinyanyua mara mbili. Akalilowesha kwa kidole akalisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hili halina macho," alisema. Macho ndivyo anavyoziita zile punje za itale. Nikamweleza kwamba lilitoka nje likapoa haraka, punje hazikupata muda. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa akinisikiliza mimi. Aliingia ndani akatoka na nyundo yake, akaliweka jiwe juu ya kizingiti, akaligonga taratibu.

Lililia. Mlio mwembamba, wa juu, kama kengele ndogo iliyofungwa mbuzi, ukakaa hewani kidogo kabla ya kukatika. Akaligonga na jiwe letu la kizingiti, tup, halafu lile tena.

"Anayeponda haya anapata tabu," alisema, akashika mkono wake wa kulia mahali kiganja kinapokutana na kigasha. "Linarudisha nyundo. Litakuwa linamuuma hapa, usiku hasa." Akaniuliza kama nilimwachia chochote. Nikamwambia ya soda. Akanyamaza kidogo, kisha akaligonga tena.